Kanzu Iliyoshika Rangi

Juzi nilisimama katika soko la Manika mbele ya kijana anayeuza kanzu za ubatizo. Alikuwa amezitundika kwenye waya, nyeupe, nyepesi, za nailoni, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki, na kila pikipiki ilipopita upepo wake ulizichezesha. Nilipogusa moja akaniambia kwa fahari:

"Chukua ile, mama. Ile haishikake buchafu. Hata ikianguka mu bulongo, unapiga mayi kidogo, inarudia mweupe."

"Na rangi? Inashika rangi?"

"Rangi gani tena, mama? Mi nakwambia haishike kitu."

Nikacheka. Kijana akadhani namcheka yeye, akashusha bei kabla sijaomba. Lakini mimi sikuwa tena Manika. Nilikuwa Musonoi, mtoto wa kike mwenye magoti mekundu kwa vumbi, nimesimama nyuma ya nyumba yetu, naangalia kanzu mbili juu ya kamba moja.

Rafiki yangu, kaa nikueleze. Mimi ni mtu wa njia, hilo unalijua. Shule niliiacha mapema. Nimeuza samaki wakavu Sandoa, nimepikia wachimbaji bukari, ugali wa kwetu, kandokando ya mashimo, nimelala mpakani juu ya magunia ya watu nisiowajua. Miguu yangu haikujifunza kukaa, na mdomo wangu haukujifunza kunyamaza mbele ya jambo nisilolielewa. Lakini kila ninapofika, kuna swali moja la Musonoi ambalo ninatembea nalo. Swali lenyewe nitakuambia.

Nililelewa na nyanya yangu, ambaye kwetu tunamwita kambo. Tulikaa katika moja ya zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari kama mikate kwenye sinia, na nyuma yetu kulikuwa na shimo la mgodi, na nyuma ya shimo kilima cha udongo uliotolewa shimoni. Mchana mgodi ulipiga baruti. Sahani zilitetemeka, kuku walijikunyata, na Kambo, bila kuacha kuchambua mboga, aliitika "Karibu," kama mtu aliyebishiwa hodi. Miaka yote hiyo sikumwona hata siku moja akishtuka.

Asubuhi ilikuwa na harufu ya makaa yanayowaka ndani ya mbabula, jiko letu la bati. Kazi yangu ilikuwa kupepea mpaka moto ushike, kisha kutwanga sombe, majani ya muhogo. Sombe ya Kambo ilitwangwa hadi ikawa laini kama udongo wa mfinyanzi, na aliijua kwa sikio. Akiwa ndani ya nyumba alisikiliza mchi wangu, akapaza sauti: "Bado. Ile ingali inalia." Jioni tulikula bukari mikono yetu ikigongana, tukashushia munkoyo baridi wa mahindi ambao alikuwa anauficha chini ya kitanda, eti nisiujue.

Vumbi lilikuwa jekundu, na lilikaa juu ya kila kitu. Kambo alipigana nalo kila siku, na ndiye aliyekuwa anafua vitambaa vya Meza ya Bwana kanisani kwetu, maana hakuna mwingine aliyeweza kuvirudisha vyeupe. Cheo hakuwa nacho. Cheo kilikuwa cha mama prezidenti wa akina mama, mwanamke mrefu aliyehamia kutoka mjini, mwenye kitambaa cha kichwa kilichosimama wima kama yeye. Usimwone mbaya. Mtu akilazwa hospitali, yeye alikuwa wa kwanza kufika na sufuria. Ila alipenda mambo yaonekane.

Jirani yetu, tuliyegawana naye ua, alipika lutuku. Kama hukuikuta lutuku, ni pombe kali ya mahindi na mihogo, inayochemshwa ndani ya pipa na kutoka tone kwa tone kwenye bomba. Wanaume wakitoka mgodini walipita kwake kabla ya kupita kwao, na wake zao walijua. Huyo mama alikuwa na kicheko kilichovuka ukuta. Alinipa ukoko wa wali ulioungua, nilioupenda kuliko wali wenyewe, na alinisuka nywele bila kunivuta. Kanisani hakuingia. Alipita mlangoni siku za Jumapili akiwa na ndoo kichwani, akipunguza mwendo wakati wa nyimbo.

Halafu msimu mmoja wa mvua akaacha kupita. Akaingia, akaketi, akarudi tena. Akaligeuza pipa chini juu, kuku wakalipanda. Akajiandikisha katika mafundisho ya ubatizo.

Sasa lazima nikuambie habari za maji. Kanisa letu halikuwa na kisima cha kubatizia. Tulitumia shimo la zamani la mgodi lililoachwa na kujaa maji, na maji yale yalikuwa ya kijani. Si kijani cha majani, ni kile cha jiwe la shaba unapolivunja, kijani kinachoelekea buluu. Yalipendeza mno, na hatukuruhusiwa kuyanywa. Kila Jumamosi iliyotangulia Pasaka kwa wiki moja tuliteremka huko kwa kuimba, wenye kubatizwa mbele katika kanzu zao nyeupe. Kanzu hiyo kila mtu alishona yake, na ilikuwa ya siku mbili tu maishani: siku ya kuingia majini na siku ya kuingia udongoni. Katikati ilikaa ndani ya sanduku na vidonge vya naftalini, na kuivaa kwa jambo lingine kulikuwa ni kuita kifo.

Mchungaji alisimama majini hadi kiunoni. Hakuuliza mengi. Alimshika mtu bega, akamwuliza mbele ya wote: "Weye ni wa nani?" Ndilo lile swali ninalotembea nalo. Mtu akajibu: "Mi ni wa Yesu." Kisha akazamishwa, na ukingo wa shimo ukalipuka kwa nyimbo.

Kanzu zilianikwa nyuma ya kanisa, na hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo haikufundishwa na mchungaji yeyote. Maji yale yalishika kitambaa. Kanzu nyingi zilitoka na ukungu kidogo wa kijani kwenye pindo, na huo watu waliusamehe. Lakini kuna zilizotoka zimeshika kweli, za kijani hadi kifuani, na akina mama walisema mwenye hiyo ameingia na dhambi mfukoni. Maji yamekataa kuichukua, yameionyesha. Mchungaji alihubiri kwamba hakuna anayeokoka kwa uzuri wa matendo yake, kwamba wokovu ni zawadi na imani ni mkono unaopokea. Akina mama waliitika amina, amina ya kweli kabisa, kisha wakatoka nje kwenda kusoma kanzu.

Jirani yetu aliyajua hayo, na aliogopa. Juma zima alifua kanzu yake mpya ambayo hata haijavaliwa. Aliipaka sabuni ya mawese, akaisugua, akaianika, akaipaka tena, na mara ya mwisho hakuisuuza sana ili harufu ya sabuni ibaki ndani. "Mi nataka niingie musafi," alimwambia Kambo. "Mi si kama bengine. Mi nilikuwa muchafu sana." Kambo alimwangalia, akatikisa kichwa, akarudi kwenye mboga zake.

Siku ilipofika, nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, karibu na maji. Nilisikia sauti yake alipojibu, "Mi ni wa Yesu," na haikutetemeka. Akazama. Akainuka. Wimbo ukaanza, halafu ukapungua upande wa akina mama, kama redio inayoishiwa betri. Kanzu yake ilikuwa ya kijani kuanzia shingoni hadi miguuni. Hata mikono ya kanzu. Alifuta maji machoni akitabasamu, akatuangalia sisi, kisha akajiangalia.

Sikumbuki tulirudije.

Kesho yake mama prezidenti alikuja uani kwetu, akaketi kwenye kiti alicholetewa, akazungumza kwa upole. Hilo ndilo lililoumiza, ule upole.

"Mama, hatukufukuze. Lakini Pasaka usikuje kwanza ku Meza. Kaa mwaka moja, tuone matunda. Kama unaendelea muzuri, tutakuita."

"Ndiyo, mama," jirani akasema, macho chini.

Huenda unafikiri mwaka mmoja si kitu. Lakini mimi niliyeishi upande wa pili wa ule ukuta nakuambia, kicheko kilikatika. Mwanamke yule alikuwa ameacha mkate wake na wateja wake wote kwa ajili ya neno moja, kwamba yeye sasa ni wa Mungu. Na kitambaa kilikuwa kimesema hapana. Alikaa uani na beseni, akaifua kanzu ile, sabuni juu ya sabuni, na kadiri alivyosugua ndivyo kijani kilivyokaza. Siku moja kabla ya Ijumaa Kuu nilimwona akifukuza kuku juu ya pipa. Akaligeuza. Akaanza kulisuuza.

Nikakimbia kumwambia Kambo. Hakuniuliza kitu. Alifunga kitenge vizuri, akavuka ua, akasimama juu ya beseni.

"Unafanya nini?"

"Natosha rangi, mama, itoke."

"Inatoka?"

"Haitoke."

"Basi acha. Utaitoboa, tukuzike na matundu."

Jirani akacheka kidogo, na kicheko kikageuka kilio. Kambo akamngoja amalize. Halafu akaangalia pipa.

"Na ile?"

"Kama mi ni wa lutuku, mama, basi nipike. Hata mayi ilinikataa. Bantu bote baliona."

"Kule mu mayi, pasta alikuuliza nini?"

"Aliniuliza mi ni wa nani."

"Alikuuliza ulipikaka pipa ngapi?"

"Hapana."

"Alikuuliza utakuwa muzuri mpaka lini?"

"Hapana, mama."

"Na weye ulijibu nini?"

"Nilisema mi ni wa Yesu."

"Ulidanganya?"

Jirani akainua kichwa. Nadhani hakuwa ameulizwa swali hilo na mtu, wala na yeye mwenyewe. "Hapana. Pale sikudanganya."

"Basi. Kanzu haina masikio. Mungu njo mwenye alisikia."

Kambo akarudi nyumbani, akaingia chumbani, nikasikia sanduku linafunguliwa. Harufu ya naftalini ikatoka kabla yake. Alipotoka alikuwa amebeba kanzu yake ya ubatizo, ambayo mimi, mjukuu wake niliyelala kitanda kimoja naye, sikuwahi kuiona. Waliomwona akibatizwa walikuwa wamekwisha kufa au wamerudi vijijini kwao. Akaikung'uta mara moja, akaitundika kwenye kamba ya ua, pembeni ya ile ya jirani, mahali ambapo kila anayekwenda bombani lazima apite.

Ilikuwa ya kijani. Kijani kilichokolea, kilichozeeka, kilichotulia ndani ya pamba kama kwamba kitambaa kilifumwa nacho. Ile ya jirani ilionekana changa mbele yake.

Habari ilifika kwa mama prezidenti kabla ya jua kusogea. Alikuja haraka, kitambaa cha kichwa kimelegea upande mmoja.

"Mama, ile ni ya nani?"

"Yangu."

"Ya ubatizo?"

"Mi nina ingine?"

Mama prezidenti aliizunguka kamba. Akashika pindo, akaliachia. Kambo alikuwa mtu ambaye kanisa zima lilimpa watoto wake awashike, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisengenya. "Na iko vile tangu zamani?"

"Tangu siku ile ile. Nilitoka mu mayi kama kasuku. Kama Mungu alikuwa anangojea nikuwe mweupe, mama, angali anangojea mpaka leo." Akachukua ungo wake. "Na Jumapili mi nakuya ku Meza na huyu mwenzangu. Kama yeye anakaa inje, tutakaa babili. Mutatafuta mwingine wa kufua bitambaa."

Siku ya Pasaka walivaa. Unaelewa nilichosema? Walivaa. Kambo alivaa kanzu ya maziko yake akiwa mzima, akapita barabara ya Musonoi kwa mwendo wake wa siku zote, na watu walitoka milangoni wakiwa wameshika midomo. Mimi nilitembea nyuma yao nikiwa na hakika kwamba atakufa kabla ya kufika kanisani. Jirani alikuwa anamshika mkono, na aliyekuwa anaegemea si mzee.

Walikwenda kwenye benchi la mbele, la wale wanaokaribia Meza. Lilikuwa limejaa. Kwa muda hakuna aliyesogea, na nikasikia kuku wa mchungaji wakiparua nyuma ya ukuta. Kisha mama prezidenti, aliyekaa mwishoni katika nguo zake nyeupe kabisa, alikusanya kitenge chake, akasogea, na benchi lote likasogea naye. Yeye alibatizwa mjini, ndani ya kisima cha saruji. Maji yetu hakuwahi kuyaingia.

Mchungaji alipita na sahani. Alipofika kwa jirani alisimama. Alikuwa kijana bado, na jasho lilimteremka. Nadhani naye alikuwa amesikia mengi juma lile, na amenyamaza mengi. Akamwuliza kwa sauti ya kawaida, kama wako wawili tu:

"Mama, weye ni wa nani?"

"Mi ni wa Yesu."

"Basi kula."

Akala. Alitafuna polepole sana, machozi yakimwingia mdomoni pamoja na mkate. Kambo, pembeni, alimpa kiwiko kidogo na kunong'ona kitu. Baadaye nilimwuliza alimwambia nini. Alisema: "Nilimwambia ameze, bantu banangojea."

Kuna jambo moja nililiweka hadi mwisho. Wiki zile kichwa changu hakikutulia: kwa nini wengine pindo tu, na wengine mwili mzima? Nikachana gauni langu lililozeeka, nikapata vitambaa viwili. Kimoja nilikipaka sabuni ya mawese, kingine nikakiacha. Nikashuka shimoni na kuvizamisha vyote. Kile kisicho na sabuni kilitoka na ukungu tu. Cha sabuni kilishika rangi kama bawa la ndege. Nilikimbia hadi nyumbani nimeshika vyote viwili juu, pumzi hamna.

Kambo alivichukua, akavigeuza huku na huku. Halafu akaanza kucheka, akatafuta kiti, akakaa. "Kumbe sabuni," akasema. "Mi pia niliipakaka sabuni mingi. Nilitaka nimufurahishe Mungu." Akacheka tena hadi akafuta macho kwa kitenge. Nikamwambia niende kumweleza mama prezidenti na akina mama wote. Akanishika mkono.

"Hapana. Usiambie mutu."

"Juu ya nini, Kambo? Si batajua kama si zambi?"

"Ukibaambia, mwaka inakuya bote batakuja na kanzu bila sabuni. Batatoka beupe, na kila mutu atasema: mi niko musafi, angalia. Ile itakuwa mbaya kupita hii. Acha mayi ifanye kazi yake."

Nikanyamaza. Na baada ya Pasaka ile hakukuwa tena na haja ya kusema, maana kila aliyetoka kijani alisimama karibu na jirani yetu, na jirani alijua la kumwambia.

Usidhani alikuwa malaika. Kiangazi kimoja cha njaa pipa lile lilisimama tena, na harufu ikavuka ukuta. Kambo alikwenda, akaketi naye, akamwuliza lile lile swali, hakumwongezea lingine. Pipa likageuzwa. Kuku wakarudi juu. Na Kambo alipokufa, miaka mingi baada ya kuivaa kanzu yake, waliomvisha kwa mara ya mwisho walikuwa wawili, jirani yetu na mama prezidenti, na nilimwona mama prezidenti akilinyoosha pindo la kanzu ile ya kijani kwa viganja vyake, taratibu, kama kitambaa cha Meza.

Sasa ukienda Musonoi utatafuta. Mstari wa nyumba zetu haupo, shimo kubwa limekuja na kumeza. Lile shimo la maji nalo limemezwa, na mahali tulipoimba pana uzio na mlinzi. Kanisa limehamia Manika. Lina kisima chenye vigae vya buluu, na maji yanaletwa na lori, meupe kama macho ya mtoto mchanga. Kila mtu anatoka mweupe. Hakuna anayesoma kanzu, na hilo ni jema, lakini mimi ninayatamani yale maji. Nimeishi maisha ambayo hayafai kusimuliwa mbele ya mchungaji. Ukiniuliza kama mimi ni Mkristo mzuri, hilo neno la pili sina ushahidi nalo. Lakini njiani, nilipokuwa chini kabisa, sikuwahi kufikiri kwamba nimekataliwa. Niliona kanzu mbili juu ya kamba.

Kijana wa sokoni alipoona sinunui nailoni alichimba chini ya rundo, akatoa moja ya pamba, nzito, imekunjika. "Ile ni ya kizamani, mama. Ile inashika bintu yote." Nikaichukua.

Jirani yetu ndiye aliyenituma. Anaishi Manika kwa binti yake sasa, meno hakuna, kicheko kipo. Mjukuu wake anabatizwa. Nilipompa kanzu aliisugua kati ya vidole.

"Pamba," akasema. "Itashika rangi."

"Rangi ya wapi tena, mama? Ile mayi haiko."

Akaikunja, akaikunjua. "Basi ule mutoto, akitoka mweupe, atajua namna gani ni wa nani?"

Akanionyesha sanduku kwa kidevu. Nikalifungua, na naftalini ikanipiga usoni, na nikamtolea anachokitaka. Akamwita mjukuu wake aliyekuwa jikoni, akamketisha mkekani, akamwekea kanzu yake ya kijani mapajani.

"Soma," akamwambia.